Ukurasa wenu wa nyumba nzuri uiname kidogo chini ya sinki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu. Toleo lenu la Jumamosi nimelisoma tangu enzi za kulichangia wodini, gazeti moja wauguzi wanne, na aliyechelewa zamu akawa anaachiwa matangazo ya vifo. Siku hizi nalinunua peke yangu, na ukurasa ninaoanza nao ni ule wa makazi, mnaotuonyesha nyumba za watu zilivyopambwa. Wiki tatu zilizopita mlitoa picha ya bafu. Marumaru nyeupe mpaka darini, kioo kama cha saluni, sinki la kunawia limebanwa ukutani bila mguu. Picha ikakatwa sawasawa kwenye ukingo wa chini wa sinki. Maelezo yalitaja rangi ya ukuta, ukubwa wa marumaru, mpaka ua lililowekwa dirishani. Maji yakishaingia kwenye lile tundu yanakwenda wapi, hakuna neno.

Pengine nami nisingeliona hilo, ila wiki hiyohiyo nililala chali siku nne chini ya sinki langu mwenyewe, na mgongo bado unanikumbusha.

Nilistaafu uuguzi mwaka 2016, na kiinua mgongo kikaishia kwenye nyumba hii hapa Kange, Tanga. Nilihamia mwaka uliofuata. Tangu mwezi wa kwanza bafu lilikuwa na harufu. Harufu ya uchafu ningeijua, maana mimi na uchafu hatulali nyumba moja. Hii ilikuwa ya yai viza, inakuja jioni inaondoka asubuhi, na kaskazi ikivuma na joto lake ndiyo inazidi. Miaka yote hiyo tuliitafutia mwenyewe. Kwanza tulimsingizia panya aliyefia darini. Kisha tukaishtaki chemba ya nje, nikalipa watu wakaifunika upya kwa zege. Wifi yangu alikuja kutoka Pangani, akakaa siku mbili, ya tatu akaniambia kwa sauti ya chini kwamba nyumba inataka kusomewa. Ikasomewa. Nikafukiza udi, nikamwaga klorini, nikanunua zile dawa za kuning'iniza zenye harufu ya limau, na bafu likawa linanuka yai viza lenye limau.

Mwaka huu marumaru za sakafuni zilianza kulia utupu ukizikanyaga, nikaamua kulifumua bafu zima. Fundi marumaru alipoliondoa kabati la chini ya sinki, lile la mbao za unga ambalo lilikuwa limevimba kama mkate uliolowa chai, ndipo nikaona kwa macho yangu nilichokuwa nimefichiwa. Paipu ya plastiki ya mikunjo-mikunjo, ile inayovutika na kurudi kama konsatina, kile kinanda cha mkono, imetoka kwenye sinki, imeshuka moja kwa moja kama mkonga wa tembo, imeingia kwenye tundu la ukutani. Kwa kuwa paipu ni nyembamba na tundu ni pana, yule fundi wa 2017 alikuwa amesokomeza kitambaa ili isichezecheze. Nilikivuta. Kilikuwa kipande cha kanga, na kanga yenyewe yangu. Ilipotea wakati wa ujenzi nikamdhania vibaya msichana wa kazi. Jina lake lilibaki nusu, linasomeka HANA SABABU. Aliyekatwa ni hasidi.

Harufu yote ilikuwa inapitia pale.

Wasomaji wenzangu wasionielewa waende wakachungulie sasa hivi chini ya masinki yao, mimi nawangoja. Sinki lililofungwa sawasawa, paipu yake ya maji machafu haiendi moja kwa moja. Lazima ipinde ishuke kisha ipande kidogo, au ipitie kwenye kikombe cha kuzuia harufu. Ukimaliza kunawa, maji kidogo hubaki pale kwenye pindo, na hayo maji ndiyo mlango. Yakija mengine kutoka juu yanapita, lakini hewa ya shimoni ikipanda inakuta imezibiwa. Kina cha maji hayo yanayoziba kinatakiwa kiwe sentimita tano hadi saba na nusu. Yakiwa machache mno yanawahi kukauka ukisafiri. Wazo hili ni la zamani na lilitoka kwa fundi saa. Alexander Cumming, Mskoti aliyekuwa akitengeneza saa jijini London, ndiye aliyesajili mwaka 1775 choo chenye paipu iliyopindwa kama herufi S. Karne mbili na nusu zimepita, na huku Kange hewa ya shimo ilikuwa inapanda bila hodi hadi kwenye mswaki wangu.

Na mtu asiniambie harufu haiui. Mwaka 2003 nilikuwa bado kazini tulipoanza kusikia habari za SARS, ugonjwa wa mapafu, kutoka Asia, tukawa tunaulizana hiyo ni kitu gani. Baadaye nikasoma kilichotokea Hong Kong kwenye majengo ya Amoy Gardens, ambako watu zaidi ya 300 waliambukizwa katika maghorofa ya eneo moja. Wachunguzi walipopanda mabafuni walikuta mipindo ya mifereji ya sakafuni imekauka, mlango haupo, na feni za bafuni zinavuta hewa ya paipu ya maji taka na kuiingiza ndani kwa watu. Mimi nilifundisha wanafunzi wa uuguzi kunawa mikono kwa miaka mingi. Kunawa nilikujua. Kilichokuwa chini ya mahali ninaponawia sikukijua.

Kulikuwa na ugonjwa wa pili. Paipu ya maji safi ilitoka ukutani ikaunganishwa na bomba la sinki bila koki yoyote katikati, na kiungo chake kilikuwa kinadondosha. Chini yake tulitega kopo la siagi la kilo moja. Mjukuu wangu anayesoma kidato cha kwanza amekuwa akilimwaga kila asubuhi kabla ya shule tangu akiwa na miaka tisa, na kumbe alidhani ni kazi ya kila nyumba, kama kufagia uwanja. Nikapiga hesabu: lita moja kwa siku kwa miaka mitano ni lita 1,825. Yuniti moja ya bili ni lita 1,000, kwa hiyo hazifiki hata yuniti mbili. Kwa fedha si kitu cha kuandikia gazetini. Lakini kabati limeoza, ukuta umepiga ukungu, na haya maji ya Tanga yana safari. Yanateremka na mto Zigi kutoka misitu ya Amani kule Usambara Mashariki, yanazuiwa bwawani Mabayani, yanasafishwa Mowe, ndipo yanafika kwetu. Mwaka 2024 mamlaka yetu ya maji iliingiza sokoni hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, yaani ilikopa kwa wawekezaji, ili kupanua huduma. Mimi huku nimetega kopo la siagi.

Sasa kwa nini nilifanya mwenyewe. Si ushujaa. Fundi bomba niliyeelekezwa alikuja, akachungulia, akataja bei, akachukua nauli, akasema kesho. Kesho akasema yuko njiani. Keshokutwa simu ikapokewa na mtoto. Siku ya nne nikamwambia mjukuu wangu, lete tochi. Akauliza, "Bibi, unaweza?" Nikamjibu kwamba nimeweka mipira ya mkojo kwa wagonjwa gizani umeme umekatika, hii ya plastiki haitapiga hata kelele.

Nilikwenda Ngamiani kwenye hadiwea moja nikiwa na ile paipu ya mikunjo kwenye mfuko wa rambo, kama mtu anayepeleka kipimo maabara. Kijana wa dukani alinisalimia shikamoo kwa adabu, akaniuliza fundi yuko wapi. Nikamwambia fundi ni mimi. Akacheka, kisha akaona sicheki. Kwa kweli tangu hapo alinihudumia kama mgonjwa wa binafsi. Alinitolea kikombe cha plastiki nyeupe, ambacho wao wanakiita botoltrapu. Nikamwomba maji, nikakijaza pale pale kaunta, nikaingiza kidole kuona maji yanasimama kiasi gani. Cha kwanza, cha bei ndogo, maji yalifika fundo la kwanza la kidole. Cha pili yalifika la tatu, nikachukua hicho. Kipo pia cha paipu iliyopinda, pitrapu, nacho ni kizuri. Mimi nilipenda kikombe kwa sababu ukikifungua kwa mkono kutoka chini, nywele na hereni zilizopotea zote unazikuta mle.

Akaniuliza paipu ya inchi ngapi. Sikujua. Nilichukua ya inchi moja na nusu, nikafika nyumbani nikakuta hiyo ni ya sinki la jikoni. Ya kunawia mikono ni inchi moja na robo. Nikapanda bajaji kurudi. Akaniuliza westi, yaani kile kidude cha shaba kinachokaa kwenye tundu la sinki, nataka chenye upenyo ubavuni au kisicho nao. Tazameni hilo jamani, maana hakuna aliyewahi kuniambia: sinki lenye kitundu cha juu cha kuzuia maji yasifurike linataka westi yenye upenyo ubavuni, la sivyo maji ya kile kitundu yanakwama. Safari ya pili ya bajaji hiyo.

Valvu za pembe, engo valvu, yaani zile koki ndogo za kufungia maji, nilichukua mbili, ya sinki na ya tangi la choo. Hizo usizichague kwa kung'aa. Zote zinang'aa. Ziweke moja kila kiganja, ile nzito ndiyo ya shaba. Nyepesi mara nyingi ni ya zinki iliyopakwa rangi ya fedha, ukiikaza kwa hasira inabaki nusu mkononi nusu ukutani. Kijana akanifungashia na mipira ya kuunganishia, ile ya wavu wa chuma, akanikumbusha tepu nyeupe ya kuzungushia kwenye meno, kisha akasita. Akasema, "Mama, utahitaji na ile spana... ile inayokaa kila nati." Nikamwambia, "Itaje tu mwanangu. Nimezalisha wanawake miaka 35, hakuna neno la kunishtua." Akainamisha macho, akasema spana malaya. Nikanunua. Nyumbani mjukuu anaiita spana ya bibi, na sijui kama jina hilo ni afadhali.

Kazi yenyewe sitaisimulia yote. Koki kuu ya kutoka kwenye simtanki iligoma, maana haikuwahi kufungwa tangu 2017. Kutu ilikuwa imeishika. Niliipaka mafuta ya cherehani usiku, nikaipeleka mbele na nyuma kidogo kidogo asubuhi, kama goti lililotolewa plasta, mpaka ikakubali. Nawasihi wenzangu, koki hiyo mwifunge na kuifungua angalau kila baada ya miezi michache. Siku paipu ikipasuka saa nane za usiku hamtakuwa na nafasi ya kutafuta mafuta ya cherehani.

Nikafungua ile konsatina, nikatega ndoo. Ndani ya mikunjo yake kulikuwa na ute mweusi wa sabuni na nywele wa miaka minane. Ndoo ikajaa nusu. Nikaisimamia ile ndoo, nikaiona inanuka, nikafanya jambo ambalo mtu yeyote angelifanya kwa mazoea: nikaiinua nikaimwaga kwenye sinki. Sinki ambalo nilikuwa nimetoka kulifungua paipu dakika mbili nyuma. Maji yote yakateremka kwenye miguu yangu na ya mjukuu. Alinyamaza. Ni mtoto mwenye malezi, lakini niliona mabega yake yanatikisika.

Tepu ilinishinda mara ya kwanza na ikaniaibisha, kwa sababu mimi ni mtu wa bendeji. Nilizungusha vizuri kabisa, ila kwa upande usio wake. Nilipoingiza valvu na kuizungusha, tepu yote ikajikunja ikatoka kama ganda la muwa. Inatakiwa uelekeze meno usoni kwako, kisha uzungushe kufuata mshale wa saa, upande uleule nati itakaokazwa, uvute ikae kwa kubana, mizunguko kumi au zaidi kwa hizi tepu zetu nyembamba. Ajabu nyingine ni kwamba si kila mahali panataka tepu. Panapokaa mpira wa kuzibia, iwe kwenye kikombe au kwenye ncha ya ule mpira wa wavu, tepu haina kazi. Kinachoziba ni mpira wenyewe, na ukirundika tepu unauzuia usikae. Mafundi wangapi wanarundika? Nimechungulia kwa majirani watatu, wote wana bendeji pasipo na kidonda.

Siku ya Ijumaa, saa sita na nusu, nilikaza nati ya plastiki ya kikombe. Ilikuwa imeshakaa kwa mkono. Kanuni ni mkono, kisha robo mzunguko basi. Lakini nilikuwa na spana mpya. Nikasikia paa! Nati ikapasuka. Anayeijua Ngamiani anajua saa hiyo maduka mengi yanafunga watu waende Ijumaa, na hufungui kinywa kulalamika mpaka saa nane. Tukakaa nyumba nzima bila maji, maana ile koki kuu nilikuwa nimeifunga na niliogopa kuisumbua tena. Mjukuu akaenda kwa jirani na madumu mawili. Jirani akauliza kuna msiba?

Kufikia jioni kikombe cha pili kilikuwa kimekaa. Paipu yake ya kwenda ukutani niliikata kwa msumeno wa chuma, nikaipa mteremko kidogo, na lile tundu pana likavaa pete ya mpira ya saizi yake badala ya kanga. Kujua kama panavuja, usitegemee macho. Nililikunjua gazeti lenu, nikalitandika chini ya sinki, na ukurasa uliotokea juu ulikuwa ule wa makazi, bafu jeupe, ua dirishani. Nikajaza sinki mpaka juu, nikaking'oa kizibo ghafla ili maji yateremke kwa nguvu zote. Karatasi ya gazeti haifichi: tone moja tu linaacha duara jeusi. Yakatokea maduara mawili, yote chini ya valvu. Nikaifungua, nikaongeza tepu, nikarudia. Karatasi ikabaki kavu. Ile jioni, saa ya harufu, nilikwenda bafuni nikasimama katikati nikavuta pumzi kama mtu anayepimwa kifua. Palinuka saruji mbichi.

Jumla, pamoja na kikombe kilichopasuliwa, nilitumia shilingi 60,500, bila spana na bila bajaji. Hapa ndipo nina jambo la kukiri. Mimi huandika matumizi yote kwenye daftari, na la 2017 ninalo. Nililifungua nikitaka nimpate yule fundi wa kwanza kwa ushahidi. Marumaru za bafu: 640,000. Kioo: 85,000. Kisha mstari mmoja, kwa mwandiko wangu: "vya chini ya sinki, kawaida tu, 3,500". Nilikaa nalo mapajani muda mrefu. Nikakumbuka alivyosimama mlangoni akiniuliza, mama nichukue ya bei gani, nami nikiwa nimeshika sampuli mbili za marumaru nikizilinganisha kwenye mwanga, nikamjibu yoyote tu, si haionekani?

Wiki iliyopita nilimwita fundi mwingine, kijana, kwa ile kazi ambayo sikuithubutu: paipu ya PPR iliyomo ndani ya ukuta. Ile huunganishwa kwa mashine ya moto wa nyuzi 260, ukichelewesha sekunde chache plastiki inaziba tundu ndani bila wewe kujua, na ukuta ukishafunikwa ndiyo basi. Hiyo ni kazi ya mtu mwenye mashine na mazoea, na hita ya maji yenye umeme vilevile sitaigusa hata nipewe bure. Kijana alifika saa aliyosema. Alichungulia chini ya sinki langu, akauliza nani kafunga, akaambiwa. Akapitisha kidole kwenye nati zote. Nilisimama nyuma yake kama mwanafunzi anayengoja alama. Akasema, "Umefunga vizuri mama, ila valvu umeielekeza ukutani, siku ukitaka kuifunga vidole havitaingia." Alikuwa sahihi, na imebaki hivyo.

Tulipokuwa tunakunywa chai nikamlalamikia mafundi wenzake. Hakubisha. Alisema mteja akisema punguza bei, fundi anaanza kupunguza pale pasipoonekana, kwa sababu panapoonekana mteja mwenyewe hataki papunguzwe. Akaenda zake. Sikuwa na la kumjibu, daftari langu lilikuwa mezani.

Kwa hiyo Mhariri, ombi langu linakuhusu. Mnatufundisha kila Jumamosi kutazama juu ya sinki. Mpigapicha wenu akienda kwa hao wenye nyumba nzuri, apige na ya pili, amepiga goti, kabati limefunguliwa. Andikeni bei ya marumaru kama mnavyoandika, na pembeni mtaje kikombe cha kuzuia harufu ni cha kina gani na valvu ipo au haipo. Watakaokataa kufungua kabati nao muwataje kwamba walikataa. Hiyo pia ni habari. Na pale VETA wanapofundisha ufundi bomba, mwandishi wenu awaombe wamtengee mwalimu mmoja atuandikie safu fupi: koki kuu iko wapi, tepu inazungushwa upande gani, nini cha kufanya mwenyewe na nini cha kumwachia fundi. Wakiweza kutupa na Jumamosi moja ya mafunzo sisi wenye nyumba, hasa kina mama, nitakuja wa kwanza na spana yangu.

Tangu habari zienee hapa mtaani nimeitwa nyumba tano kwenda kuchungulia. Tatu kati ya hizo ni konsatina tupu. Moja ni ya mwalimu mstaafu aliyeacha kulitumia bafu lake la wageni kwa sababu anaamini kuna kitu. Nimemwambia anunue kikombe kwanza, akishindwa ndiyo aite wa kusoma.

Barua hii naiandika saa nne usiku. Lile gazeti bado nimeliacha chini ya sinki, na picha ya bafu lenu jeupe ni kavu, isipokuwa kwenye kona moja ambapo mjukuu alitemea maji alipokuwa anapiga mswaki. Nimemuuliza, amekiri.

Muuguzi mstaafu,
Kange, Tanga